Kikaango Kizito cha Chuma Mbele ya Steki na Viazi vya Kukauka

Chombo kinachotathminiwa hapa ni kikaango cha chuma cha kusubu, kile cheusi na kizito, kisicho na mpini wa mbao wala rangi ya kuzuia chakula kisigande, chenye kipenyo cha sentimita 26 hadi 30. Nimekipima kwa mlo mmoja tu, yaani steki nene ya ng'ombe pamoja na viazi vilivyokauka nje na kubaki laini ndani, kwa sababu mlo huo hudai karibu kila kitu ambacho kikaango kinaweza kudaiwa. Nyama inataka joto kali kwa dakika chache. Viazi vinataka joto lililotulia kwa karibu saa nzima. Vyote viwili vinataka unyevu wa juu ukauke haraka kuliko unavyotoka ndani, na hapo ndipo vyombo vingi hushindwa. Hukumu yangu ni kwamba kikaango hiki kinaziweza kazi zote mbili, na kinaziweza vizuri kuliko vingi vinavyosifiwa kwa wepesi na mng'ao wake, ila kwa sharti kwamba mpishi awe tayari kukisubiri.

Kikaango cha aina hii hutengenezwa kwa kumimina chuma kilichoyeyushwa ndani ya kalibu ya mchanga. Njia hiyo ni ya zamani. Mwingereza Abraham Darby alipewa hataza mwaka 1707 ya kusubu vyungu vya chuma kwa kalibu za mchanga, na tangu hapo vyombo vya chuma vikaanza kushindana na vya shaba katika majiko ya watu wa kawaida. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, kati ya asilimia 2 na 4, na kwa sababu hiyo ni kigumu lakini si kinyumbufu: kikianguka kwenye sakafu ngumu kinaweza kuvunjika, na kikimwagiwa maji baridi kikiwa kimeshika moto kinaweza kupata ufa. Hakifuliwi kikawa bamba jembamba, hivyo kikaango huachwa na unene wa milimita nne au tano, na kile cha sentimita 26 huwa na uzito wa takriban kilo mbili na nusu kikiwa kitupu. Cha sentimita 30 huzidi kilo tatu na nusu. Uzito huo ndio lalamiko la kwanza la kila anayekishika, na pia ndio sababu yenyewe ya kukinunua, kama nitakavyoeleza.

Husemwa mara nyingi kwamba chuma cha kusubu husambaza joto vizuri. Ukweli ni kinyume chake. Alumini hupitisha joto takriban mara nne zaidi, na ndiyo maana kikaango cha chuma kilichowekwa juu ya moto mdogo wa gesi hupata duara la moto katikati huku kingo zake zikiwa bado vuguvugu. Kinachokipa sifa chuma ni wingi wa joto kinachoweza kulihifadhi. Kwa unene ule ule, chuma hubeba joto kama theluthi moja zaidi ya alumini, na kwa kuwa kikaango cha chuma huwa kinene kuliko cha alumini, tofauti jikoni huwa kubwa zaidi ya hapo. Steki baridi na yenye unyevu inapotua juu ya chombo chepesi, joto la chombo hushuka ghafla, maji yanayotoka kwenye nyama hayapati nguvu ya kugeuka mvuke mara moja, na nyama huanza kuchemka katika maji yake yenyewe. Juu ya chuma kizito joto hushuka pia, lakini hubaki juu kiasi cha kuyafukuza maji hayo kabla hayajakusanyika.

Jambo hili lina uzito kwa sababu ya rangi na ladha. Maji yanachemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, na maadamu uso wa nyama una maji, joto lake haliwezi kupanda sana juu ya hapo. Rangi ya kahawia na harufu inayoujaza mlango wa jikoni hutokana na mmenyuko kati ya asidi amino, yaani vijenzi vya protini, na sukari, ambao Mfaransa Louis Camille Maillard aliueleza mwaka 1912, nao huanza kwenda kasi joto linapopita nyuzi 140. Kati ya 100 na 140 kuna pengo ambalo mpishi lazima alivuke upesi, kwa kuwa kila dakika anayoitumia kulivuka ni dakika ya joto kupenya ndani na kuifanya nyama iwe ya kijivu toka juu hadi katikati. Kikaango kizito hulivusha pengo hilo kwa sekunde chache, na hilo ndilo ninalolipia ninapokibeba kwa mikono miwili.

Kasoro ya kutosambaza joto ina dawa, nayo ni muda. Kiwekwe juu ya moto wa wastani kwa dakika nane hadi kumi, kikigeuzwa robo mzunguko mara kwa mara, au kitiwe katika oveni inayopashwa moto na kitoke pamoja nayo. Mtu mwenye haraka atafungua moto wote kwa dakika mbili, ataona moshi katikati, atadhani kiko tayari, kisha ataweka steki ambayo nusu yake itakuwa imeungua na nusu imepauka. Sikilaumu chombo kwa hilo, lakini ni haki mnunuzi alijue kabla: hiki si kikaango cha mayai ya asubuhi ya mtu anayewahi kazini.

Naanza na viazi, ingawa wengi hufikiria nyama kwanza, kwa sababu viazi ndivyo vinavyochukua muda na ndivyo vinavyoweza kusubiri. Steki iliyokwisha kuiva haisubiri.

Kiazi kinachofaa ni kile chenye wanga mwingi, ambacho kikichemshwa nyama yake hupasuka na kuwa kama unga. Kile chenye nyama ya kunata hubaki na uso laini na hakipati ukoko wa maana. Viazi vimenywe, vikatwe vipande vya sentimita nne hivi vyenye pande bapa, vitiwe katika maji ya chumvi, na katika kila lita mbili za maji iongezwe nusu ya kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda, ile inayoumulia keki. Bikaboneti huyafanya maji yawe na ualikali, yaani kinyume cha asidi, na ualikali huivunja pektini, yaani gundi inayozishikamanisha seli za kiazi, hivyo uso wa kipande hulainika na kuchanika wakati katikati pakiwa bado pameshikana. Siki hufanya kazi iliyo kinyume, huiimarisha pektini, na ndiyo maana wanaotaka chipsi nyembamba zisivunjike huchemsha kwa maji yenye siki kidogo. Baada ya dakika kumi hivi za kuchemka, viazi vimwagwe maji, viachwe katika sufuria tupu yenye moto kwa dakika moja au mbili ili mvuke utoke, kisha sufuria ifunikwe na kutikiswa kwa nguvu hadi kila kipande kifunikwe na uji mzito wa wanga uliochubuka. Uji huo ndio utakaokuwa ukoko. Anayeviacha vikiwa laini na vizuri machoni atapata viazi vya kuoka vya kawaida, ambavyo havina ubaya, ila havitalia vikitafunwa.

Mafuta yachaguliwe kwa kuangalia uwezo wake wa kuvumilia moto. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa hufika karibu nyuzi 230 kabla ya kutoa moshi, na samli safi huvumilia hata zaidi. Mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa yana ladha inayoendana vizuri kabisa na mlo huu, nami ndiyo ninayoyapendelea. Siagi haifai hapa kwa sababu chembe za maziwa zilizomo huanza kuungua karibu na nyuzi 150. Viazi vivuruge kwa mafuta na chumvi, kisha vipangwe katika kikaango kilichokwisha kupata moto, upande bapa ukiwa chini, tabaka moja tu, na nafasi kati ya kipande na kipande. Kikaango kiingie katika oveni ya nyuzi 220, na mlango usifunguliwe kwa dakika 20.

Subira hiyo ya dakika 20 ina sababu. Ukoko unaojengeka chini hushikamana na chuma mwanzoni, na kipande kikisukumwa mapema huacha ukoko wake kwenye chombo. Ukishakauka vya kutosha hujiachia wenyewe, na mwiko bapa wa chuma ukipitishwa chini hukiinua kipande kizima. Baada ya kugeuzwa, viazi vinahitaji dakika nyingine 20 hadi 30. Hapa kikaango cha chuma hulishinda waziwazi sinia jembamba la oveni, kwa kuwa sinia hupinda kwa joto, mafuta hukimbilia upande mmoja, na viazi vya upande wa pili hukauka bila kukaangika. Chuma hakipindi, na upande wa chini wa kiazi hupata rangi moja kuanzia ukingo hadi katikati. Sijapata chombo kingine cha nyumbani kinachoufanya upande ule kuwa hivyo.

Hata hivyo kuna mpaka, na watengenezaji hawausemi. Kikaango cha sentimita 26 hubeba viazi vya watu wawili tu kwa tabaka moja. Vikirundikwa viwili viwili, mvuke wa vile vya chini huvilainisha vya juu na kazi yote ya kuchemsha na kutikisa hupotea. Kwa watu wanne au watano sinia pana, hata likiwa jembamba, litatoa viazi vizuri zaidi kuliko kikaango bora kilichojazwa.

Neno moja kuhusu mahali viazi vinapokaa kabla ya kupikwa. Viazi vikiwekwa katika friji, baridi huubadilisha sehemu ya wanga kuwa sukari. Viazi hivyo hugeuka kahawia iliyokoza kabla ukoko haujakauka, na huwa na utamu usiotakiwa. Kuna sababu nyingine pia ya kuvihifadhi mahali pa giza na ubaridi wa kawaida. Mwaka 2002 watafiti nchini Sweden walitangaza kwamba akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kuchangia saratani, hujitengeneza katika vyakula vya wanga vinavyokaangwa au kuokwa kwa joto kali, na sukari ikizidi katika kiazi kemikali hiyo nayo huongezeka. Rangi ya dhahabu ndiyo inayotafutwa. Viazi vilivyokwenda weusi havina ladha, wala havina faida nyingine.

Viazi vikishaiva huhamishiwa katika sahani pana isiyofunikwa, hurudishwa katika oveni iliyozimwa mlango ukiwa umeachwa wazi kidogo, na kikaango kile kile, chenye mafuta yale yale kidogo na joto lililokwisha kujaa ndani ya chuma, huenda juu ya jiko kwa ajili ya nyama. Sehemu hii ya mlo ndiyo iliyonifanya nikipende chombo hiki. Karibu saa nzima ya oveni imekipasha joto kila pembe, kingo sawa na katikati, na ile kasoro ya usambazaji niliyoitaja imekwisha kuondoka bila mpishi kufanya kazi ya ziada. Dakika mbili tatu za moto mkali zinatosha kukipandisha kutoka nyuzi 220 hadi pale steki inapopataka.

Steki iwe na unene wa sentimita tatu au nne. Nyembamba kuliko hapo huiva ndani kabla ganda la nje halijapata rangi, na hakuna kikaango kitakachoiokoa. Nyama ya mgongoni karibu na mbavu, yenye mishipa ya mafuta ndani yake, ndiyo inayolipa zaidi katika chombo hiki, kwa sababu mafuta yake huyeyuka na kuongezea yale ya kikaango. Sarara ni laini lakini haina mafuta ya kutosha, na huhitaji siagi ije kuisaidia. Chumvi itiwe mapema, angalau dakika 40 kabla, au itiwe wakati ule ule nyama inapoingia motoni. Katikati ya nyakati hizo mbili ndipo pabaya, kwa kuwa chumvi huyavuta maji hadi juu na huchukua muda kabla maji hayo ya chumvi hayajanyonywa tena. Inayotiwa chumvi jana yake na kulala katika friji bila kufunikwa ni bora kuliko zote, maana uso wake hukauka kama ngozi. Kuitoa nyama katika friji nusu saa kabla, kama wengi wanavyoshauri, hubadilisha joto la katikati kidogo sana. Kuikausha kwa karatasi ya jikoni kuna manufaa makubwa zaidi. Pilipili manga isubiri mwisho, kwa sababu huungua na kuwa chungu.

Nyama ikitua, sauti itamwambia mpishi karibu kila kitu. Mlio mkali usiokatika ni wa maji yanayogeuka mvuke papo hapo. Mlio ukififia na povu kuonekana pembeni, joto limeshuka na moto uongezwe. Nyama igandamizwe kidogo kwa koleo ili uso wote uguse chuma, kisha igeuzwe kila baada ya nusu dakika hivi. Najua kwamba wengi wamefundishwa kuigeuza mara moja tu. Kuigeuza mara nyingi huifanya iive sawasawa zaidi na upesi zaidi, kwa sababu upande ulio juu haupati muda wa kupoa sana wala ulio chini hausukumi joto ndani kupita kiasi, na ganda la kahawia hujengeka vilevile. Yapo pia mafundisho kwamba moto mkali huziba nyama ili maji yasitoke. Wazo hilo lilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig katika karne ya 19, na majaribio yamelikanusha: steki iliyokaangwa kwa moto mkali hupoteza maji sawa na nyingine, na kuchuruzika kwake mbele ya macho ya mpishi ni ushahidi tosha. Rangi hutafutwa kwa sababu ya ladha.

Kuhusu kuiva, simwamini mtu anayebonyeza nyama kwa kidole na kutangaza matokeo. Kipimajoto chenye ncha nyembamba ni kifaa kidogo, na bila hicho sifa zote ninazokipa kikaango zinaweza kuharibiwa kwa dakika moja. Nyuzi 52 katikati ni nyama nyekundu na laini; 55 ni nyekundu ya kupauka yenye joto; 60 ni ya waridi; kuanzia 70 ni iliyoiva kabisa na iliyokwisha kukaza. Idara ya Kilimo ya Marekani hupendekeza nyuzi 63 na mapumziko ya dakika tatu kwa steki nzima, na anayempikia mtoto mdogo, mjamzito au mzee afuate kiwango hicho. Nyama ya kusaga ni jambo lingine, nayo hutakiwa kufika 71. Chombo kizito kinadai tahadhari ya ziada hapa. Joto lililojaa kwenye ganda la nje huendelea kuingia ndani baada ya nyama kutolewa, na katikati hupanda nyuzi tatu hadi tano. Hivyo steki itolewe kabla ya kufika pale inapotakiwa, na isiachwe hata kidogo ndani ya kikaango kilichozimwa, kwa sababu kikaango hicho hakijui kwamba kimezimwa. Kitaendelea kupika kwa dakika nyingi.

Katika dakika ya mwisho moto upunguzwe, kijiko kikubwa cha siagi kitiwe pamoja na kitunguu saumu kilichopondwa kidogo na kijiti cha rozimari, na siagi inayotoa povu ichotwe na kumwagiwa juu ya nyama. Kikaango cha chuma kina kingo zinazopanda wima vya kutosha ili siagi ikusanyike upande mmoja chombo kinapoinamishwa, lakini hapa ndipo uzito wake unapokuwa adha ya kweli. Kuinamisha kilo mbili na nusu za chuma chenye moto kwa mkono mmoja, huku mkono mwingine ukishika kijiko, si kazi ya kila kiganja. Mpini ni chuma kile kile na umetoka katika oveni. Utaunguza bila onyo lolote, kwani rangi yake haibadiliki. Nashauri kitambaa kinene au kifuko cha mpini kikae juu yake tangu kikaango kinapotoka katika oveni hadi kinapopoa, hata kama mpishi ana hakika kwamba atakumbuka.

Nyama ikipumzika juu ya ubao kwa dakika tano hadi kumi, viazi hurudi katika kikaango. Hii ndiyo hatua ambayo hakuna sinia wala chombo cha pili kinachoweza kuitoa. Kikaango sasa kina mafuta ya steki, siagi ya kahawia, kitunguu saumu na vile vipande vidogo vyeusi vilivyoganda chini, na viazi vikavu vikizungushwa humo kwa dakika mbili hurudisha ukali wa ukoko uliokuwa umelegea kidogo na hunyonya ladha yote ya nyama. Mlo wa sehemu mbili huwa mlo mmoja. Nyama ikatwe kwa kukingama nyuzi zake, na maji mekundu yatakayotoka yasimtishe mtu, kwa kuwa ni maji yenye mayoglobini, protini ya misuli, wala si damu.

Pale kikaango hiki kinapopungukiwa ni kwenye mchuzi. Anayetaka kumwaga divai, siki au maji ya limau juu ya mabaki ya nyama na kuyachemsha hadi yawe mazito, atapata mchuzi wenye ladha ya chuma na kikaango kilichopoteza weusi wake. Asidi huukwangua utando wa mafuta yaliyookwa ambao ndio kinga ya chombo, na kisha huanza kuigusa metali yenyewe. Utando uliozeeka huvumilia tone moja au mawili ya limau. Haukuundwa kuchemsha nyanya. Kwa mchuzi wa aina hiyo kikaango cha chuma cha pua ni bora bila ubishi, na anayeupenda mchuzi kuliko viazi vya mwisho anunue hicho.

Utando wenyewe umezungukwa na hofu zisizo na msingi. Mafuta yanapopakwa kidogo sana, yakafutwa hadi chombo kionekane kama hakina kitu, na chombo kikaokwa kwa nyuzi 230 kwa saa moja, chembe za mafuta hushikana na kuwa tabaka gumu linalokaa juu ya chuma. Mafuta yakiachwa mengi hubaki yananata, na hilo ndilo kosa linalowafanya wengi wakitupe kikaango kizima. Vinavyouzwa sasa kwa kawaida huja vimekwisha kuokwa kiwandani, ingawa tabaka hilo la kwanza ni jembamba na milo michache ya mwanzo itashika kidogo. Sabuni ya maji ya kisasa haikidhuru. Onyo la kutotumia sabuni lilikuwa na maana zama za sabuni kali zenye magadi mengi. Kinachokiharibu ni kulowekwa na kuachwa na maji, kwani kutu huanza mapema. Kioshwe kikiwa bado vuguvugu, kirudishwe jikoni dakika mbili kikauke, kipakwe tone la mafuta, basi.

Vikaango vyenye rangi ya kuzuia chakula kisigande havifai kabisa kwa kazi hii. Rangi hizo za plastiki ya PTFE huanza kuharibika na kutoa gesi zenye madhara joto linapopita nyuzi 260 hivi, na kikaango kitupu juu ya moto mkali hufika huko ndani ya dakika chache. Vya bamba la chuma cheusi, ambavyo hutunzwa kama hiki lakini ni vyembamba, ndivyo mshindani wa kweli: hupata moto upesi, huinuliwa kwa mkono mmoja, na kwa steki moja hutoa matokeo yanayokaribiana sana. Kwa viazi vya oveni hubaki nyuma, maana baadhi yao hupinda na mafuta hutengana. Mwenye maumivu ya kiwiko au ya kifundo cha mkono achague hivyo bila kusita. Vile vya chuma vilivyopakwa kauri huvumilia siki na divai, lakini uso wake hushika nyama zaidi na haupendi kupashwa moto mkali vikiwa vitupu.

Moshi hauepukiki. Steki inayopikwa inavyopaswa italijaza jiko moshi, na nyumba isiyo na dirisha la kufunguka au feni ya kuvuta hewa itanuka hadi kesho yake. Katika hali hiyo kuna njia ya upole zaidi, ambayo kikaango hiki huimudu vizuri: nyama ianze katika oveni ya nyuzi 120 hadi katikati ifike karibu 47, kisha igeuzwe mara chache katika kikaango chenye moto kwa muda usiozidi dakika mbili. Uso uliokwisha kukauka katika oveni hupata rangi haraka, na moshi hupungua kwa kiasi kinachoonekana.

Anayenunua atazame vitu vitatu. Chini pawe bapa kabisa, hasa kwa jiko la kioo au la sumaku. Chuma hiki hufanya kazi vizuri juu ya jiko la sumaku, ila kiinuliwe badala ya kuburutwa, kwani hukwaruza kioo. Upande ulio mkabala na mpini pawe na kishikio kidogo cha pili, kwa sababu bila hicho cha sentimita 30 hakitoki katika oveni kwa usalama kikiwa na viazi. Na pawe na midomo miwili ya kumwagia, kulia na kushoto, la sivyo mafuta ya moto yatateremka ubavuni wakati wa kuyapunguza kabla ya nyama. Uso uliosuguliwa ukawa laini hupendeza na hugeuza mayai kwa urahisi, lakini kwa steki na viazi sijaona tofauti kati yake na ule wenye vinyweleo vya mchanga. Kwa watu wawili cha sentimita 26 kinatosha. Kwa zaidi ya hapo kinunuliwe cha 30, na sinia la viazi liwe kando yake.